Mwamuzi wa Karata Tano

Karakanani walimwita Sindano. Kwanza kwa wembamba wake, halafu kwa vile alivyokuwa akipita katikati ya watu bila kumgusa mtu, na zaidi kwa sababu mashine ya kudarizi aliyoisimamia ilikuwa na sindano thelathini na sita, na yeye, alivyosema Mkasi, ndiye wa thelathini na saba. Mkasi alikuwa shoga yake, mama mnene anayecheka kwa mabega, ambaye kutwa alikaa chini juu ya gunia akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye taulo na kofia baada ya mashine kumaliza.

Mashine ile ilidarizi majina ya hoteli na makampuni. Ubavuni mwake palikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta kuukuu iliyogeuka rangi ikawa kama meno ya mvuta tumbaku. Sindano ndiye aliyeilisha ile kompyuta michoro: hapa uzi mwekundu, hapa ruka, hapa rudi mara tatu ndipo ukate. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo. Shule aliiacha kidato cha pili, mwaka ule mama yake alipovunjika nyonga na nyumba ikakosa mtu wa kuishika.

Mwaka uliopita, akiwa anangoja kofia zimalizike, alianza kusoma masomo ya bure ya kuandika programu. Hakumwambia mtu. Alikuwa na daftari la kunukulia, na daftari lilipojaa alinunua jingine. Alipofika kwenye somo la violezo na vitu, pale ambapo mwalimu mwenyewe aliandika kwamba wengi huchoka na kuacha, Sindano alicheka peke yake mpaka Mkasi akainua kichwa.

"We, kuna nini huko?"

"Hamna. Wananifundisha kazi yangu."

Ndivyo alivyoona. Kiolezo ni ule mchoro uliomo ndani ya kompyuta, unaosema nembo ina nini na inafanya nini. Kitu ni nembo yenyewe iliyokaa juu ya taulo, ina uzi wake na doa lake kama imepata doa. Mchoro mmoja, taulo mia mbili. Watu wenye vyeti walikuwa wanalia juu ya jambo ambalo yeye alikuwa anakula nalo na kulala nalo.

Halafu bosi akaja, asubuhi ya siku ya kwanza ya mwezi, akasimama mbele ya mashine bila kuigusa.

"Binti, mwisho wa mwezi hii inaondoka. Watu siku hizi wanachapa kwa rangi, hawadarizi tena. Nimepata mnunuzi."

"Na mimi?"

Bosi aliitazama kalenda ya ukutani kana kwamba jina lake limeandikwa pale.

"Tutaona," akasema.

Wiki hiyohiyo Sindano aliliona tangazo. Kampuni inayotengeneza michezo ya simu ilitaka mtu mmoja tu, wa kujifunza kazini mwaka mzima kwa mshahara, kisha aajiriwe. Mstari wa tatu ulisema: hatuulizi vyeti. Aliusoma mara nyingi, akitafuta neno lililojificha, hakuliona. Mstari wa nne ulisema umri usizidi miaka thelathini na mbili. Yeye alikuwa anaimaliza hiyo thelathini na mbili baada ya miezi miwili. Ikipita safari hii, basi tena.

Mtihani wenyewe ulikuwa huu. Andika programu, kwa kutumia violezo na vitu, itakayopewa mikono miwili ya karata tano tano kutoka pakiti moja, iseme ni upi unashinda. Ukishinda wa kwanza iandike A, ukishinda wa pili iandike B, ikiwa sare iandike S. Mashine yao ingeipima programu kwa majaribio mia moja ambayo hutayaona kabla. Unatuma mara moja. Na lazima upate mia kwa mia. Tisini na tisa ni sawa na sifuri.

Karata! Sindano alihisi kama ameulizwa njia ya kwenda kwao.

Maana alilelewa mezani. Mama yake alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, miaka ishirini akiitazama sindano ya mizani ikicheza hadi itulie, na alirudi nyumbani na macho yaleyale. Watoto walikuwa watatu, Sindano na kaka zake wawili, na kila mmoja hodari wa kukwepa kazi. Mama hakupiga mtu. Alileta pakiti ya karata, akawafundisha mchezo wa karata tano, akasema kuanzia leo kazi za humu ndani zitagawiwa na karata. Anayeshindwa anaosha sufuria. Akawafundisha majina ya mikono, walivyoiita nyumbani: jozi, jozi mbili, watatu wa uzito mmoja, ngazi ya karata zinazofuatana, alama moja ambapo zote tano ni kopa au zote ni uru, nyumba ambayo ni watatu pamoja na jozi, wanne, na juu ya yote ngazi ya alama moja.

Siku moja kaka zake walishika jozi ya kumi kila mmoja, na karata nyingine zikalingana pia. Mikono yao ikawa sawasawa. Wakagombana, sufuria zikabaki chafu mpaka ukoko wa ugali ukakaukia. Mama akatoa sheria.

"Shupaza mzito kuliko kopa. Kopa kuliko uru. Uru kuliko pau. Mkilingana, tazameni karata ya juu ni ya alama gani, na anayeshindwa ainuke. Sufuria haiwezi kungoja watu wawili wanaotazamana."

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile hakuna mikono miwili iliyowahi kulingana. Watoto waliipokea sheria hiyo kama walivyopokea kwamba jua linachomoza. Kwa majirani hawakuwahi kwenda kucheza, kwa kuwa mama hakupenda watoto wanaozurura. Kaka mmoja alikufa kijana, mwingine akawa muuza vipuri vya magari. Sindano akabaki na mama.

Programu ya kwanza aliyoandika ilikuwa aibu. Ilikuwa kama, kama, kama, mistari mia sita, ukigusa mmoja wa juu unaanguka wa chini. Siku ya Jumapili aliomba ufunguo wa karakana, akaifuta yote. Akaanza upya kwa utaratibu wa michoro. Kiolezo cha Karata kilijua mambo mawili tu, uzito wake na alama yake. Kiolezo cha Mkono kilipokea karata tano na kujipanga chenyewe kuanzia nzito hadi nyepesi. Kisha kila aina ya mkono ikapata kiolezo chake, Jozi, Ngazi, Nyumba na wenzao, na kila kimoja kilijua kujibu swali moja: huu mkono ni wako? Juu yao akamkalisha Mwamuzi. Mwamuzi hakujua kuhesabu hata jozi. Kazi yake ilikuwa kuwapitia wale wengine, kuanzia mkubwa hadi mdogo, akiuliza, na wa kwanza kuitikia ndiye. Mikono yote miwili ikiwa aina moja, Mwamuzi alilinganisha uzito. Uzito ukilingana, alitazama alama.

Alipofika kwenye ile S alitabasamu. Pakiti moja, karata hamsini na mbili, hakuna mbili zinazofanana. Sare itatokea wapi? Aliona wameiweka iwe mtego kwa wasiojua karata. Hata hivyo aliiandika chini kabisa, mstari mmoja, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba kisicho na kitu.

Baada ya wiki mbili aliihamishia programu kwenye simu yake, akaenda nayo mezani kwa mama. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa ameketi na mto nyuma ya kiuno, fimbo imeegemea ukuta.

"Mama, nataka unipimie kitu."

"Kilo ngapi?"

"Si cha kilo. Wewe gawa karata, sema nani kashinda. Mimi naiandikia simu karata hizohizo, nayo inasema. Tuone kama mtakubaliana."

"Na ikinipinga?"

"Ikikupinga, nairekebisha."

"Hapo sawa," mama akasema, akaanza kuchanga. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, lakini karata bado zilimtii.

Kaka mtu aliingia wakiwa katikati, na mafuta ya gari kwenye mikono, akavuta kigoda.

"Yaani sasa simu ndiyo itaosha vyombo?"

"We nyamaza," mama akasema. "Tangu uzaliwe hujawahi kushinda. Wewe ndiye uliyezimaliza zile sufuria kwa kuzisugua."

"Ndiyo maana nimeoa, mama."

"Umeoa ukakuta karata nyingine huko."

Walicheka wote watatu. Sindano baadaye aliukumbuka mchana ule kuwa ndio mchana mzuri wa mwisho, ingawa ulipokuwapo aliuona wa kawaida, na alikuwa ameinamia simu.

Mama alimkamata mara moja tu. Mkono ulikuwa na ree, mbili, tatu, nne na tano, na simu ikasema hauna kitu.

"Ngazi hiyo!" mama akapiga meza. "Ree ana miguu miwili, mmoja juu ya mfalme na mmoja chini ya mbili. Nilikufundisha ukiwa na meno ya maziwa, wewe!"

Sindano alirekebisha palepale, huku mama akimsimamia kama anayesimamia kipimo. Wakaendelea. Mikono hamsini, mia, mia na hamsini. Kila mama aliposema, simu ilisema vilevile. Mwishowe mama akakusanya karata zote, akazitazama, akachagua kumi kwa makusudi.

"Sasa nakutegea."

Akapanga ngazi mbili mezani, zote kuanzia tano hadi tisa. Moja iliishia tisa ya shupaza, nyingine tisa ya kopa. Kaka mtu akanyoosha shingo, akafumbua mdomo.

"Lakini mama, hapo si..."

"Nimesema unyamaze. Mwache mwenzio afanye kazi."

Kaka akafumba mdomo, akaanza kujikwangua mafuta ya kucha.

Sindano akaingiza karata. Simu ikaandika A.

"Shupaza!" mama akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Hapo ndipo wengi wao wataanguka, mwanangu. Hapo hapo. Tuma hiyo kitu."

Alituma Ijumaa iliyofuata, saa ya chakula, mashine ikiwa imezimwa. Mkasi alikuwa amesimama nyuma yake, taulo begani.

"Umebonyeza?"

"Bado."

"Bonyeza, mama. Usiifanye kama sindano ya hospitali."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka kushoto. Ukafika nusu. Ukafika karibu na mwisho, ukageuka mwekundu. Chini yake yakatokea maandishi: umepita tisini na moja kati ya mia moja.

"Tisini na moja!" Mkasi akamkumbatia kwa nyuma. "Mimi shuleni sikuwahi kuona hata arobaini!"

Sindano alisogea karibu na kioo. Alikuwa anasoma orodha ya yale tisa. Jaribio la kumi na saba: lilitakiwa S, limetoa A. Jaribio la ishirini na tisa: lilitakiwa S, limetoa B. Tisa zote zilitakiwa S. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba wao ndio wamekosea, na kwa muda wa kama dakika mbili alikuwa na furaha kubwa, akijipangia jinsi atakavyowaeleza kwa upole. Kisha akafungua ukurasa wa sheria za mchezo, ambao ulikuwa umewekwa chini ya tangazo siku zote zile. Hakuwahi kuufungua. Nani asomaye maelekezo ya kufika kwao? Sheria ya sita ilisema: alama zote nne zina uzito sawa.

Alifuta mistari minne, ile ya alama. Mwamuzi akabaki na uzito peke yake, na ule mstari wa S uliofungiwa chini ukapata njia. Akayaingiza yale majaribio tisa moja baada ya jingine. S, S, S, mpaka la mwisho. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kofia moja. Kitufe cha kutuma kilikuwa kimegeuka kijivu, na alipokibonyeza hakikufanya kitu, akakibonyeza tena.

"Vipi?" Mkasi akauliza.

"Nimekosa."

"Tisini na moja umekosa? Watu gani hao?"

Aliwaandikia barua. Alieleza kwamba kosa ni moja tu limejirudia mara tisa, na kwamba ameshalirekebisha, akaiambatisha programu. Jumanne jibu lilikuja, na lilikuwa limeandikwa na mtu, jambo lililomuuma zaidi. Mtu huyo alisema violezo vyake vimepangwa vizuri kuliko vingi alivyoviona mwaka huu, hasa Mwamuzi. Alisema sharti ni moja kwa wote. Alimkaribisha ajaribu tena mwakani.

Jioni alimpitia kaka yake dukani, akamkuta anafunga. Akamweleza, kwa maneno machache, kwamba hakuna alama iliyo nzito kuliko nyingine.

"Ndiyo," kaka akasema. "Kule gereji tunakochezea, tukilingana tunarudia tu."

Sindano alimtazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nani hajui? Hiyo ya shupaza ilikuwa ya mama, ya kutuoshesha vyombo." Kufuli likamkwama mkononi. "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani mnamfurahisha tu mama."

"Ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda."

"Nilitaka kusema. Wewe mwenyewe ulisikia nilivyoambiwa. Ningefanyaje, dada? Ningebishana na mama mbele ya karata zake, na alivyokuwa amefurahi vile?"

Hata Sindano mwenyewe asingebishana. Kaka akamwambia angoje amsindikize, lakini alikuwa ameshavuka barabara.

Nyumbani mama alikuwa akimngoja kama alivyomngoja kila siku tangu Ijumaa, ametega sikio mlangoni.

"Wamesema?"

"Wamesema, mama. Wamempata mtu mwingine."

Mama aliupima huo uzito kwanza.

"Kosa lilikuwa wapi?"

"Hawakusema kosa."

"Basi hakukuwa na kosa. Ile niliikagua mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya macho yangu." Akagonga meza kwa kidole. "Waandikie. Waambie kuna mtu mzima hapa, karani wa mizani miaka ishirini, yuko tayari kuja kuthibitisha. Nitakwenda na fimbo yangu."

"Ndiyo, mama."

"Utaandika?"

"Nitaandika."

Kesho yake mama aliuliza kama ameandika, akasema ndiyo. Keshokutwa aliuliza kama wamejibu, akasema bado. Ikawa kila jioni. Sindano aliona kwamba itabidi aendelee kusema bado mpaka mama achoke kuuliza, na mama hakuwa mtu wa kuchoka.

Siku ya mwisho wa mwezi walikuja wanaume wanne na mkokoteni. Walifungua vichwa vya mashine, wakavifunga kwa mablanketi kama wagonjwa. Mkasi alikuwa ameshaaga tangu jana yake. Mashine ikiondoka hakuna nyuzi, na nyuzi zikiondoka hakuna Mkasi. Alikunja gunia lake akaondoka nalo. Mnunuzi akasema anataka na kompyuta pia, maana michoro imo humo.

Bosi akageuka. "Binti, kuna kitu chako humu?"

Sindano alilitazama lile faili, Mwamuzi na wenzake wote ndani yake, lile lililorekebishwa, ambalo lingepata mia.

"Hamna," akasema.

Wakachomoa waya. Mahali mashine iliposimama palibaki mraba wa sakafu safi, na vumbi la nyuzi za rangi zote pembeni. Bosi alisubiri mkokoteni uvuke mlango, akakohoa.

"Kuna kukunja. Fulana zikitoka kuchapwa zinakunjwa, zinatiwa kwenye mfuko. Kazi ya siku kwa siku, ikiwepo ipo, isipokuwepo nitakuambia. Hukatai?"

Hakukataa. Akaenda kwenye meza ya mwisho, iliyokuwa na rundo la fulana nyeupe bado za moto kutoka kwenye mashine ya kuchapa, zinazonuka rangi. Akavuta ya juu, akailaza, akainyoosha kwa viganja viwili.

"Kola juu au chini?" akauliza.

"Juu," bosi akasema kutoka ofisini.

Akaanza kukunja.